Gunia la Mlenda na Vidonge vya Damu

Siku ile, katika chumba cha dharura cha hospitali, walikuwapo hawa: mdogo wangu Elisha, anayenifuata kwa kuzaliwa; mdogo wetu wa mwisho, Penina; jirani yetu Mama Hadija, mwenyeji wa Kondoa; daktari wa zamu, kijana mwenye miwani ambaye jina lake sikulishika; muuguzi, Sista Modesta; na mfamasia wa kitengo kile, Zabroni. Alikuwapo pia mama mmoja wa kutoka Kibaigwa aliyekuwa anamuuguza mumewe kitanda cha pili. Nilipoanza kutetemeka alivua kanga yake ya mabegani akanifunika. Huyo sikuwahi kumuuliza jina. Nawataja wote mwanzoni kwa sababu nikianza na ugonjwa nitawasahau, na bila wao nisingekuwa na cha kuandika.

Mimi naitwa Yunisi. Nashona makava ya viti vya magari kwenye karakana za Kizota, hapa Dodoma. Shule niliiachia darasa la sita, mwaka ambao baba alimfuata mama kaburini, kwa hiyo msitegemee nieleze moyo unavyofanya kazi. Ninachokijua ni kwamba wangu uliharibika tangu utotoni, na nilipokuwa mtu mzima ukashindwa kabisa. Nilikuwa siwezi kukunja kitambaa cha kiti kimoja bila kukaa chini. Miguu ilivimba mpaka ndala hazikuingia. Nikapelekwa Dar es Salaam, wakanipasua kifua, wakaweka vali ya chuma, kijilango cha kupitishia damu moyoni.

Vali hiyo inalia. Watu hawaniamini mpaka wakae karibu yangu pakiwa kimya. Inagonga kama saa ya ukutani, tena saa yenye haraka. Siku za kwanza niliporudi nyumbani Penina alikuwa hawezi kulala chumba kimoja na mimi. "Dada," aliniambia, "ukigeuka upande huu naona kama kuna mtu anatembea na viatu vya mchuchumio." Baadaye alizoea. Sasa anasema asipoisikia ndipo anapoamka.

Mwenye vali ya chuma hupewa vidonge vya kuzuia damu kuganda, navyo ni vya maisha. Vinaitwa warfarini. Sisi nyumbani tunaviita vidonge vya damu. Damu ikiganda sana, vali inaziba. Ikilainika sana, unavuja kama ndoo mbovu. Ukiwa katikati, unaishi. Kwa hiyo unakwenda kliniki, wanakutoa damu, wanaangalia, wanakuambia ongeza nusu au punguza nusu. Unarudi tena. Nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki ile masika na kiangazi, mpaka najua benchi lipi lina msumari.

Kwenye benchi hilo ndipo balaa lilipoanzia.

Elisha ndiye aliyekuwa ananipeleka kliniki kwa bodaboda yake. Analima mpunga Bahi na katikati ya misimu anaendesha pikipiki mjini. Ni mtu wa maneno machache na wa wasiwasi mwingi. Tangu wazazi wafe, kazi yake kubwa imekuwa kuhakikisha mimi sifi. Asubuhi hiyo tulikaa jirani na baba mmoja mwenye vali kama yangu. Mdomo ulikuwa umepinda na mkono mmoja umelala mapajani kama si wake. Mkewe ndiye aliyekuwa anamsemea.

"Ni majani," mke akamwambia Elisha. "Mboga za majani zinaua hii dawa. Huyu alikuwa hasikii, anakula matembele kama mbuzi. Damu ikaganda, ikapanda kichwani. Mwambie dada yako aachane na majani kabisa."

Nilisikia lakini sikutia maanani, kwa sababu kwenye yale mabenchi kila mtu ni daktari. Elisha yeye alimwangalia yule baba mpaka tulipoitwa.

Tulipofika nyumbani hakuzima hata pikipiki. Akaingia jikoni akatoka na gunia la mlenda.

Kwa msomaji asiye wa huku: mlenda ni majani ya porini tunayoyachuma mvua zikinyesha, tunayaanika, tunayatwanga, tunayahifadhi. Kiangazi kizima ndiyo mboga. Mgogo, mwenyeji wa huku, anakula ugali na mlenda mchana, na jioni akikosa mboga nyingine, na kwa kweli nyingine huwa hakuna. Mimi nimelelewa nao na nimewalelea wenzangu nao. Gunia lile nilikuwa nimelichuma mwenyewe huko kwa shangazi, mvua zilizopita.

"Unalipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Mlenda basi, dada."

"Basi vipi?"

"Basi kabisa. Umemwona yule baba mdomo ulivyokwenda? Unataka nikuwekee kijiko mdomoni?"

"Sasa nitakula nini, Elisha? Mawe?"

"Utakula maharage. Utakula dagaa. Nitaleta nyama. Wewe kula kila kitu, majani tu hapana."

Nilikuwa nimechoka. Mgonjwa wa muda mrefu hufika mahali akaona ni rahisi kutii kuliko kueleza. Nilimwacha. Akalibeba gunia, akavuka uchochoro, akamkabidhi Mama Hadija, ambaye alilipokea kwa mikono miwili huku akicheka. "Nyie Wagogo mmerogwa? Mnagawa mlenda?" Elisha hakucheka.

Na kweli alileta nyama. Alileta dagaa, maharage, mayai. Kila alipokuja alifunua sufuria jikoni kuchungulia kama kuna kitu kijani. Penina, anayewapikia chakula mafundi wa ujenzi kule Msalato, alikuwa akija na kisamvu kidogo kwenye kopo, naye Elisha anamrudisha nacho mlangoni. "Wewe unataka kumuua dada," alimwambia. Penina alinuna wiki nzima.

Kiangazi kikawa katikati. Upepo wa Dodoma ule unaopasua midomo ukaanza, na jino langu la nyuma likaanza kuuma. Lilivimba, shavu likawa kama nimeficha kibuyu. Nilikwenda duka la dawa karibu na karakana, nikasema nina jino, nikapewa vidonge vya kutuliza maumivu na vingine vya kuua wadudu, vile vyenye ladha ya chuma mdomoni. Muuzaji hakuniuliza kama natumia dawa nyingine, nami sikujua kuwa ni jambo la kusema. Jino ni jino, moyo ni moyo. Hivyo ndivyo nilivyodhani, na hivyo ndivyo wengi wanavyodhani.

Maumivu yalipungua. Damu ikaanza. Kwanza fizi, nikipiga mswaki. Kisha nikiamka mto una doa. Kisha mkono, mahali nilipojigonga na mashine, ukafanya jeraha la ndani jeusi lililopanda mpaka kwenye kiwiko. Niliwaficha wenzangu kwa kuvaa mikono mirefu, maana nilijua Elisha atakavyokuwa. Siku iliyofuata choo kilikuwa cheusi kama lami. Kwenye karakana nilisimama kuchukua mkasi, nikaona watu wote wamekuwa wadogo na wako mbali. Mama Hadija, aliyekuwa amekuja kuuza vitumbua, ndiye aliyenidaka. Akapiga kelele kuita bajaji, akanishikilia njia nzima huku akinisomea dua sikioni na katikati ya dua akimtukana dereva.

Hivyo ndivyo tulivyofika wote chumba cha dharura. Elisha alitokea sijui wapi, kofia ya pikipiki bado kichwani. Penina akaja na aproni ya kazini.

Kuna mambo nayakumbuka na mengine nilisimuliwa. Nakumbuka dari. Nakumbuka Sista Modesta akitafuta mshipa, na kila alipochoma na kukosa, mahali hapo hapakukauka. "Mama, usiniangalie hivyo," aliniambia. "Mimi ndiye ninayechomwa moyoni." Nakumbuka kipimo cha kuganda damu kiliporudi, maana daktari alikisoma mara mbili kisha akaita, "Zabroni! Hebu njoo uone hii."

Mimi nilizoea kumwona mfamasia akiwa nyuma ya dirisha dogo, unaona mikono yake tu ikikusukumia bahasha. Sikujua wapo wanaosimama kando ya kitanda. Huyu alikuja, akanisalimia kwanza. "Shikamoo, mama." Nikashindwa kuitikia, akaitikia mwenyewe kwa niaba yangu, "Marahaba, Zabroni," na Penina akacheka huku analia.

Daktari alisema nipewe vitamini K, tena nyingi, damu isimame. Zabroni hakukimbilia kubisha. Aliweka sikio karibu na kifua changu.

"Unaisikia?" akamwambia daktari. "Vali ya chuma hii. Tukimjaza, leo damu itasimama, lakini vidonge vyake havitamshika tena kwa siku nyingi. Vali itaziba kabla hatujamrudisha kwenye mstari."

"Na tusipompa, atavuja mbele yetu," daktari akasema. "Presha inashuka. Unanishauri nini?"

"Kidogo sana kwenye dripu, taratibu. Na maji ya damu, plazima, kutoka benki ya damu, ndiyo yambebe sasa hivi. Na damu yenyewe. Tupime tena baada ya hapo ndipo tuongeze kama haikutosha."

"Haya. Andaa."

Watu wawili wanazungumza juu ya kitanda chako, kwa sauti ya kawaida, kama mafundi wanaojadili injini, na wewe ndiye gari. Nilisikia yote. Kule kulikuwa na kuvuja, huku kulikuwa na kuziba. Sikuogopa. Nilikuwa nimechoka kupita kiasi cha kuogopa. Nilichowaza ni kwamba Penina hajui kadi ya kliniki ninaiweka wapi.

Zabroni alipomaliza kuandaa sindano aligeuka kwa wenzangu. "Faili lake la kliniki linaonyesha kipimo kilikaa vizuri tangu mvua zilizopita mpaka alipopimwa mara ya mwisho. Kitu kimebadilika. Nataka kukijua, maana nikijua kilichomfikisha hapa ndipo nitajua kesho atakuwaje. Ameongeza vidonge?"

"Hapana," Elisha akasema.

"Amekunywa dawa nyingine yoyote? Ya kienyeji, ya dukani, ya jirani?"

Penina akasema jino. Akatoa pakiti kwenye pochi yangu. Zabroni akaigeuza, akatikisa kichwa. "Hii peke yake inatosha kutuletea shida. Lakini siyo shida ya ukubwa huu. Chakula je?"

Elisha akanyoosha mgongo. Penina amenisimulia kwamba alisema kama mwanafunzi aliyejua jibu. "Chakula anafuata masharti vizuri sana. Hali majani hata kidogo. Mimi mwenyewe nasimamia."

"Tangu lini?"

Elisha akatazama kiatu chake, anahesabu.

Mama Hadija akaona anachelewa. "Mlenda wao uko kwangu, baba," akasema. "Gunia zima. Tangu watoto wafunge shule mara ya kwanza. Tumekula mpaka wanangu wanajiita Wagogo."

Zabroni akavuta kiti akakaa. Hakupaza sauti, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. "Kaka, sikiliza. Dozi ya dada yako ilipimwa akiwa na mlenda tumboni kila siku, na mlenda una vitamini K hiyo hiyo ya kugandisha damu. Kidonge kinavuta kamba huku, mlenda unavuta kule, nguvu sawa, kamba imetulia. Wewe umemtoa mmoja uwanjani. Halafu dawa ya jino ikaja kumsaidia yule aliyebaki."

"Lakini yule baba kule kliniki mdomo…"

"Yule labda alikuwa anakula siku nyingine mengi, siku nyingine hali kabisa. Hatusemi mtu asile majani. Tunasema asibadilishe bila kutuambia."

Nilimwona Elisha akivua kofia ya pikipiki polepole. Akaishika tumboni kama sufuria.

Maji ya damu hutoka kwenye friji yakiwa barafu, lazima yayeyushwe. Tulingoja. Yule mama wa Kibaigwa alinifunika. Mumewe, ambaye mwenyewe alikuwa amewekewa mpira wa hewa puani, aliinua mkono akaniuliza kwa ishara kama napata nafuu. Nikamwambia ndiyo, kwa adabu tu. Kisha maji yakaja, ya rangi ya chai isiyokolea. Damu ikafuata. Damu yangu ni O hasi, si ya kupatikana kila siku, na Sista Modesta alisema waliyonipa ndiyo iliyokuwa imebaki kwenye friji. Jua lilipoanza kupungua dirishani wakapima. Zabroni alisoma, akamwonyesha daktari, daktari akamgonga bega. Hawakuniongezea ile sindano. Vali iliendelea kugonga, na kwa mara ya kwanza tangu nipasuliwe nilipenda kuisikia.

Yaliyofuata ni mambo ya kuchosha, na wagonjwa wenzangu mnayajua. Wiki za kulala wodini. Ngozi iliyogeuka zambarau, kijani, manjano. Nywele zilizobaki kwenye kitana. Kliniki kila wiki, kisha kila wiki ya pili, kisha kila mwezi. Mlenda ulirudi, lakini ulirudi kwa utaratibu: upawa ule ule, kila siku, na kipimo kila mara. Zabroni alinifundisha jambo ambalo kwa watu wa huku naona ni kubwa. Mvua zikianza, mlenda mbichi ukaingia sufuriani badala ya ule mkavu, niende nipime hata kama siku yangu haijafika. Mvua zikikata, vivyo hivyo. "Wewe kalenda yako ni sufuria," aliniambia. Na kila nikienda duka la dawa, hata kama ni kwa kikohozi, neno langu la kwanza baada ya salamu ni: natumia vidonge vya damu. Wengine wananiangalia kama najisifu. Nawaambia tena.

Mama Hadija alilirudisha gunia. Lilikuwa limejaa kuliko lilipokwenda. Alipoulizwa alisema, "Mimi najua? Labda limezaa."

Gunia lilirudi, Elisha hakurudi. Alikwenda Bahi akakaa kwenye majaruba yake ya mpunga. Alituma mchele kwa waendesha pikipiki wenzake, alituma salamu, yeye hakuja. Penina hakusaidia. "Atajileta vipi?" alisema. "Nusura amuue dada kwa kumpenda." Nilimkataza kusema hivyo ndani ya nyumba yangu, akanyamaza, lakini lilikuwa limeshasemwa, na kwenye pikipiki za Bahi maneno yanasafiri.

Sasa nieleze deni. Hospitali ilipotoa damu ile, Sista Modesta aliwaomba ndugu waje kuchangia, ili mwingine akija asikute friji tupu. Si lazima, aliwaombea tu hao wajao. Penina alichangia. Mama Hadija alichangia, akatoka akidai soda kama mtoto. Lakini damu yao si ya kundi langu. Katika ukoo wetu uliobaki, mwenye O hasi ni Elisha peke yake. Mimi mwenyewe kwa vidonge hivi siruhusiwi kutoa hata tone.

Elisha alipopata habari alikuja moja kwa moja kutoka Bahi mpaka hospitali, matope bado kwenye vifundo vya miguu. Akachomwa kidole. Wakamrudisha: damu haitoshi. Alikuwa amekonda kule mashambani, anakula ugali wa chumvi, nadhani alikuwa anajiadhibu. Wakampa dawa za minyoo na za kuongeza damu. Muuguzi wa benki ya damu, asiyejua lolote la nyumbani kwetu, akamshauri kama wanavyomshauri kila mtu: "Kula vizuri, kaka. Maharage, nyama ukipata, na mboga za majani kwa wingi. Wewe si Mgogo? Kula mlenda."

Alifika kwangu mchana huo. Nilisikia pikipiki ikizimwa. Alisimama mlangoni muda, akiangalia jikoni bila kufunua sufuria.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda kama fito."

"Wamenikataa."

"Nimesikia."

"Wanasema nile majani." Mdomo ukamtetemeka, sikujua kama ni kicheko au ni nini. "Mimi. Wananiambia mimi nile majani."

Nikamsogezea kigoda. Nikamnawisha mikono. Nilipakua ugali wa uwele na mlenda wa karanga, upawa wangu wa kila siku pembeni, pawa zake mbili katikati. Alikula bila kuinua kichwa. Alipomaliza akauliza kama upo mwingine.

Tangu hapo huja mara kwa mara, hula, hurudi Bahi. Alikwenda kupima tena baada ya hapo, wakamwambia imepanda lakini bado. Amesema atakwenda tena akishavuna. Mpunga wenyewe sasa ndiyo kwanza unachanua. Kwa hiyo kule kwenye friji ya hospitali pengo langu halijazibwa, na kama leo ataletwa mtu mwenye damu kama yangu, sijui watampa nini. Nalifikiria hilo kila nikimeza kidonge. Kisha nafunika sufuria, namwekea Elisha sehemu yake.